Nyanyako Hakutoka Hadhramaut

Ukikaa Likoni utaulizwa swali hili mpaka ulizoee. "Wewe wa wapi?" Likoni. "La, kwenu kwenu." Mtongwe. "Aaa, mimi nauliza asili!" Muulizaji ashakupima jina, nywele na namna unavyosema "njoo" au "ndoo", na jibu analo tayari. Anataka tu ulitamke mwenyewe, ajue pa kukuweka: mwenyeji, mgeni, Mwarabu, mbara, au yule ambaye mambo ya kwao hayazungumzwi.

Siku hizi swali hilo limepandishwa ndege. Binamu zetu wanatuma picha kutoka Tarim na Seiyun, Muscat na Salalah: mtu kasimama mbele ya nyumba ya udongo ya ghorofa nne, kavaa kanzu mpya, na chini kaandika, "Nimerudi nyumbani." Nyumbani gani, ndugu yangu, na wewe umezaliwa Likoni, umesoma Likoni, hata deni la dukani unalo Likoni? Wengine hawasafiri, wanatuma mate yao kwenye kichupa hadi Marekani na kungoja asilimia zirudi kwa barua pepe, kama matokeo ya mtihani.

Na safari zenyewe sina ugomvi nazo. Dunia nzima inazifanya. Mmarekani ambaye babu zake walihama Hungary hushuka Budapest, akakodi gari, akaenda kijijini kutafuta jina la ukoo wake katika vitabu vya ubatizo na kwenye mawe ya makaburi. Mwaka 2019 Ghana iliutangaza kuwa Mwaka wa Kurudi, na wajukuu wa waliouzwa wakaja kusimama katika ngome za Cape Coast na Elmina na kulia. Kuna haki katika hamu hiyo. Ugomvi wangu ni na ramani tunayosafiria sisi wa pwani ya Kenya. Ina njia moja tu: inafuata baba, inavuka bahari kwenda kaskazini, inaishia pale heshima ilipo. Njia ya kwenda kusini, Nyasa, Uyao, Umakua, haikuchorwa. Na nyanya hayumo kabisa.

Chukua shajara yoyote iliyotundikwa ukutani sebuleni. Fulani bin fulani bin fulani, vizazi kumi na viwili, mpaka unafika kwenye bonde lenye mitende. Sasa uliza kila mmoja wa mabwana hao alizaa na nani. Utaona watu wanakohoa. "Ah, alioa hapa hapa." Hapa hapa wapi? "Wenyeji tu." Mwanamume ana jina, ana baba, ana mji, ana mwaka aliotia nanga. Mwanamke ni "mwenyeji tu". Halafu mjukuu wake anakata tiketi kwenda kutafuta asili.

Sayansi nayo imeshasema lake. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao wamezikwa katika miji ya pwani kati ya takriban 1250 na 1800, Mtwapa yetu ikiwemo. Babu Mshirazi si hadithi tupu, alikuwepo kweli: sehemu kubwa ya upande wa Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulishaanza kufikia mwaka 1000 hivi. Uarabu uliongezeka baadaye, baada ya 1500. Lakini kwa wengi katika watu hao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na iliingia hasa kupitia wanawake. Basi hao "wenyeji tu" ndio zaidi ya nusu ya hesabu. Habari ilipotoka, watu wangu walishangilia kipande cha Uajemi, wakakipeleka kwenye makundi ya familia. Kipande cha akina mama sikukiona kikisambazwa.

Na hiyo ni miaka elfu nyuma. Tukija karibu, karne ya 19, mambo yanakuwa mazito zaidi, maana hapo hatuzungumzii mifupa ya Mtwapa. Tunazungumzia mtu ambaye nyanyako huenda alimjua uso kwa uso. Hali ya utumwa ilikomeshwa kisheria katika ukanda huu wa pwani mwaka 1907. Piga hesabu. Nyanya aliyezaliwa miaka ya 1940 aliweza kulelewa na nyanya yake aliyezaliwa kabla ya sheria hiyo. Ni mikono miwili tu kutoka kwako.

Angalia jinsi mtambo wa nasaba ulivyofanya kazi. Bwana akizaa na suria wake na akamkubali mtoto, mtoto yule huzaliwa huru, na hupata nasaba yote ya baba. Mama akishazaa hauzwi tena, na bwana akifa huwa huru. Wanaotaka kulainisha historia hupenda kuishia hapo: ona, mtoto hakuwa mtumwa, tulikuwa na huruma. Lakini tazama upande wa pili wa karatasi. Kwa kizazi kimoja tu, kijiji cha mama kimefutika. Mtoto ana babu kumi na wawili wa Hadhramaut na hana hata babu mmoja mzaa mama. Jina la mama mwenyewe mara nyingi alipewa na bwana, jina la kubembeleza. Hata wakombozi hawakumhesabu kwanza: amri ya Unguja ya 1897 iliyoondoa utumwa iliwaacha masuria nje, wakaja kuingizwa mwaka 1909.

Kisha kuna waliowekwa rehani. Njaa ya Mwakisenge ya miaka ya 1880 ilipowapiga Wamijikenda, familia zilipeleka watoto Mvita wapate kula, wakiwa dhamana ya nafaka. Baadhi walikombolewa mvua iliporudi. Wengine walibaki, wakasilimu, wakaolewa, wakawa "watu wa nyumba ile". Leo mjukuu wa mtoto wa rehani anaweza kukaa Kibokoni akimwita Mgiriama "mtu wa mashambani", na wote wawili wanatokana na kaya moja. Justin Willis alilionyesha hili kwa kirefu katika kitabu chake cha 1993 kuhusu Mombasa, Waswahili na Wamijikenda: mipaka hii ya "sisi" na "wao" ilikuwa mlango wa kuingilia na kutokea, na watu walipita kila siku.

Sasa toka Likoni, vuka feri, pitia mjini, vuka Daraja la Nyali hadi Kisauni. Kondakta atapiga kelele, "Kengeleni! Kengeleni!" Umeshuka hapo mara ngapi bila kujiuliza kengele ipi? Ni kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa sahihi mwaka 1873, na manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi baharini. Waliokamatwa na majahazi hawakuweza kurudishwa kwao, wengi walikuwa watoto, na njia ya kurudi Nyasa ilikuwa ile ile ya kukamatwa tena. Wakateremshwa Kisauni. Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu wa lugha nyingi wakapewa shamba, shule, kanisa, na majina ya Kiingereza. Walikuwepo pia wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa mapema zaidi, wakalelewa India, wakarudishwa kuja kufundisha. Mji mzima ukawaita Wamisheni, na si kila aliyetamka neno hilo alilitamka kwa wema.

Mtu wa Freretown akiulizwa "kwenu kwenu" afanye nini? Shajara hana. Ana kengele na kitabu. Kitabu chenyewe ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934, ambamo mtoto wa mateka aliyekombolewa alisimulia kwa Kiswahili jinsi wazee wake walivyochukuliwa kutoka upande wa Nyasa mpaka wakafika Freretown. Unaweza kukipinga, na wengi wamekipinga, kwa jinsi kinavyomsifu Mwingereza na kumlaumu Mwarabu kama kwamba hakukuwa na mikono mingine katika biashara ile. Hata hivyo ndicho kilicho karibu zaidi na safari ya kijiji cha mababu ambayo mtu wa bara kuu la Mombasa amewahi kuandika. Na kutoka ukoo huo huo tukampata Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwa miongo mingi aliiuliza Kenya nzima redioni, "Je, huu ni ungwana?" Wakenya walicheka na kujirekebisha. Wachache walikumbuka kwamba katika Kiswahili cha kale mwungwana ni mtu asiye mtumwa. Mjukuu wa mateka ndiye aliyetufundisha sote ungwana. Ningekuwa na mamlaka ningeyaandika hayo kwa herufi kubwa pale stendi.

Au nenda Rabai. Huko watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana, walijificha kwenye misheni kwa mamia, na mabwana wao wa Mombasa wakawa wanataka kuja kuwachukua kwa nguvu. Tarehe 1 Januari 1889, kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala ililipa fidia na zaidi ya watu 1,400 wakapewa karatasi za uhuru. Zaidi ya elfu moja na mia nne kwa siku moja! Wajukuu zao wako wapi leo? Wako Rabai, wako Kisauni, wako Changamwe, wako Likoni wanapanda feri na wewe. Ila hujawahi kusikia mtu anajigamba kwenye harusi, "Sisi tumetokana na watoro wa Rabai." Mimi naona ni nasaba ya kujigamba nayo kuliko zote. Babu wa Hadhramaut alipanda jahazi kwa nauli. Mtoro alikimbia usiku akijua akikamatwa atapigwa mpaka afe.

Utaniambia haya ni mambo ya heshima na harusi tu, kila familia na siri zake. Hapana. Asili hapa kwetu imeamua nani ana shamba na nani anakaa kwa kuvumiliwa. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye dai aje na ushahidi mbele ya Mzungu. Waliokuwa na karatasi, majina marefu na uzoefu wa mahakama walikuja. Wengi wa Wamijikenda hawakuja, au hawakusikilizwa, na ardhi waliyolima ikaandikwa ya serikali au ya mtu mwingine. Uskwota wa pwani una mizizi yake pale. Shajara ilikuwa hati ya ardhi kabla ya hati ya ardhi.

Kisha ikaja Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, wakachoma. Vikaratasi vikawa vinawaambia watu wa bara waondoke. Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya waliokaa hapa miaka ishirini, thelathini, waliambiwa warudi kwao, na waliochelewa walikatwa mapanga. Zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama makwao. Wanasiasa walikuwa nyuma ya mambo yale, uchaguzi ulikuwa Desemba, na hilo lilisemwa mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi. Dhuluma ya ardhi ilikuwa ya kweli pia. Lakini mwenye panga hakumuuliza mtu anamiliki ekari ngapi. Alimuuliza kwenu ni wapi. Mpangaji wa chumba kimoja Likoni na mwenye shamba kubwa wote walikuwa na jibu moja, na aliyepatikana nyumbani usiku ule ni mpangaji.

Walioapishwa inasemwa waliapishwa msituni Kaya Bombo, ndiyo maana mapigano yale huitwa kwa jina hilo. Hapo nina la kusema na Wadigo wenzangu, kwa adabu. Mapokeo yetu wenyewe yanasema tulitoka Singwaya, upande wa Somalia ya leo, na kwamba Wadigo ndio waliotangulia kuondoka. Mwanahistoria R. F. Morton alidai mwaka 1972 kwamba hata simulizi hiyo ya Singwaya ilikuja kuenea mwishoni mwa karne ya 19 tu, na wengine kama Thomas Spear wakaitetea. Wabishane. Simulizi ikiwa ya kweli, sisi ni wahamiaji. Ikiwa ilitungwa, basi babu zetu waliona hawawezi kuwa watu wa hapa bila kuwa wametoka kwingine. Kwa vyovyote vile hakuna aliyeota kama mnazi. Na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Mdigo, kuliko wote, alikuwa na njia tofauti ya kuhesabu. Zamani alihesabu fuko, ukoo wa mama, na mtoto wa dada alirithi kwa mjomba wake. Mwanamke hakuwa "mwenyeji tu". Alikuwa ndiye shina. Tumelitupa hilo, tukaanza kuiga shajara za jirani wa kisiwani.

Na serikali nayo? Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani enzi za mkoloni. Wakazaa, wakajukuu, wakazikana Kwale, na bado kila walipoomba kitambulisho walikumbushwa Msumbiji. Mwaka 2016 ilibidi waandamane kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo watambuliwe. Wapemba wavuvi walingoja mpaka 2023. Ukimwona mtu anaposti "nimerudi nyumbani" kutoka Muscat, kumbuka kwamba kuna jirani yake ambaye kijiji cha mababu kilikuwa tishio la chifu. Mmoja anaenda kwa hiari na kurudi na halua. Mwingine akipelekwa haruhusiwi kurudi.

Watu wa bara waliozaliwa Likoni nao wana yao. Kila Desemba wanafungasha, basi hadi Kisumu au Machakos au Kakamega, mtoto anaambiwa "nyumbani" ni mahali anapojua siku kumi kwa mwaka. Mzee akifa maiti inasafirishwa kilomita mia tisa. Naielewa heshima ya kaburi la babu. Lakini mzazi anayemwambia mtoto wa Likoni kwamba yeye hapa ni mpita njia anamsaidia kazi yule wa vikaratasi.

Najua pingamizi. "Kwa nini ufukue? Wazee walinyamaza kwa sababu." Kweli, walinyamaza kwa sababu. Neno "mtumwa" liliweza kuvunja posa jana asubuhi, si karne iliyopita. Kuna nyanya aliyeficha chale za mama yake chini ya mtandio miaka sitini ili binti zake waolewe vizuri. Huyo simlaumu hata chembe. Alikuwa analinda watoto kwa silaha aliyokuwa nayo. Ninayemlaumu ni mjukuu mwenye digrii, asiye na posa ya kuvunjika, anayeendelea kunyamaza kwa sababu kimya kinampa nafasi ya mbele. Kimya cha nyanya kilikuwa ngao. Chake yeye ni cheo.

Basi kabla hujakata tiketi, kaa na nyanya. Usimwekee simu usoni kama mwandishi wa habari. Kaa naye akichambua mchicha. Usimuulize "asili yetu ni nini", maana atakupa jibu la wageni. Muulize mama yake alimlaza kwa wimbo gani, na kama kuna maneno katika wimbo huo ambayo hakuwahi kujua maana yake. Muulize ni ngoma gani waliyokatazwa kuicheza mbele ya watu. Muulize nani alikuwa anakuja nyumbani siku za msiba akakaa uani, asiitwe sebuleni, na kwa nini watoto waliambiwa wamwamkie "shangazi". Muulize chakula gani kilipikwa milango imefungwa. Kuna familia itapata Kiyao katika bembelezi. Kuna itakayopata jina la kaya. Kuna itakayopata kimya tu, na hicho nacho kiandike, na mwaka.

Ukishapata, nenda Malawi kama uwezo upo. Ni mbali, na hakuna bonde la mitende wala nyumba yenye jina lako mlangoni. Hutampata padri wa kukufungulia kitabu, kwa sababu aliyemchukua nyanya wa nyanyako hakuandikisha alimtoa kijiji gani. Piga picha hata hivyo. Iweke kwenye lile kundi la familia, karibu na ile ya Tarim.

Vitabu vyenyewe vilivyopo, kumbukumbu za CMS zenye barua na taarifa za Freretown na Rabai, nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mtu wa Kisauni anayetaka kusoma habari za mababu zake waliofikishwa hapa kwa jahazi anaanza kwa kuomba viza. Kaunti yetu hutumia pesa kila mwaka kwa tamasha za utamaduni, na misafara ya viongozi wetu imeruka kwenda Ulaya kwa sababu ndogo kuliko hii. Waombe nakala. Ziwekwe kwenye meza moja Kengeleni na nyingine Rabai, na kijana mmoja anayelipwa mshahara wa kusaidia watu kusoma mwandiko ule wa kizamani. Na mlangoni asiwepo mtu wa kuuliza kitambulisho, wala kwenu ni wapi.